Nano Iliyokwama: Dalili, Visababishi na Pa Kuanzia Kurekebisha

Simu huja za aina mbili. Moja hutoka maabara: "Kaka, chujio letu limefaulu majaribio yote, mbona mwaka wa nne huu halijauzwa hata moja?" Nyingine hutoka ofisi ya serikali, sauti ya chini kidogo, ya mtu aliyekabidhiwa kazi asiyoiomba: "Tumeambiwa tuandike mkakati wa nanoteknolojia. Tuanzie wapi?"

Kazi yangu ni kukaa katikati ya hao wawili. Nabeba faili kati ya ofisi za Kapiti Road, Popo Road na Waiyaki Way hapa Nairobi, Kenya, na kwa kuzibeba nimeona kwamba malalamiko hayazidi saba. Hubadilisha majina tu. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kama fundi wa magari wa Grogan anavyosikiliza injini kabla hajafungua boneti. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea sana ndicho cha kwanza, na kile cha nadra kiko mwisho. Fuata mpangilio huo. Nimeona watu wakishusha injini nzima kumbe ni fyuzi.

Kwa aliyeingia katikati ya mazungumzo: nano ni kazi ya chembe zenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita kama 80,000. Kitu kikifikia udogo huo tabia yake hubadilika. Madini ya fedha huanza kuua vijidudu kwa kiasi kidogo mno, na rangi nyeupe ya titani hubeba rangi nyingine inayokamata mwanga kwenye aina fulani ya seli za jua. Kiswahili chetu kina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Maabara nyingi za maji hapa Nairobi fedha ya kwanza wanayo. Ya pili ndiyo inayoleta dalili ya kwanza.

Dalili ya 1: Mkakati umezinduliwa, mfuko hauna kitu

Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, kitabu chenye jalada la kung'aa kikagawiwa pamoja na chai. Mwaka wa pili hakuna mradi hata mmoja uliolipiwa.

Anza na jambo jepesi. Fungua makadirio ya bajeti ya mwaka huu utafute jina la mpango wako. Halimo? Basi hakuna aliyeiba kitu, pesa hazikuombwa. Hiki ndicho kisababishi cha kawaida kuliko vyote na ndicho watu hukikagua mwisho. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maombi ya wizara huandaliwa miezi mingi kabla. Mkakati uliozinduliwa Mei umeshachelewa mwaka mzima.

Kama jina limo lakini kiasi ni cha kuchekesha, kagua hesabu iliyotumika. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Waandishi wa mikakati huipenda sana namba hiyo. Lakini vipimo vya 2010 viliweka matumizi yote ya utafiti nchini, ya serikali na ya wengine wote, karibu asilimia 0.8. Ukijenga mpango juu ya asilimia 2 umejenga juu ya ahadi. Chukua kilichotolewa kweli mwaka uliopita, uanzie hapo.

Kisababishi cha tatu ni ulafi wa vipaumbele. Nimewahi kusoma rasimu yenye maeneo kumi na manane ya kipaumbele, kutoka vipodozi hadi vyombo vya anga. Afrika Kusini, katika mkakati wao wa 2005, walichagua sita: maji, nishati na afya upande wa jamii, kisha madini, kemikali na vifaa vipya upande wa viwanda. Mwaka 2007 wakaweka vituo viwili vya ubunifu ndani ya taasisi zilizokuwepo tayari, CSIR (baraza lao la utafiti wa sayansi na viwanda) na Mintek. Mintek ni watu wa madini, nchi ile ina madini, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuwafundisha upya wanachokijua. India nao mwaka huohuo walianzisha Nano Mission kwa rupia bilioni 10 za miaka mitano. Mpango ulizaliwa na mfuko wake mkononi.

Kisababishi cha nadra zaidi, ingawa ndicho kinachopigiwa kelele barazani, ni kukosa mwenye nyumba. Sayansi iko wizara moja, viwanda nyingine, afya nyingine, kilimo nyingine, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Dawa si bodi mpya. Chagua ofisi moja inayolazimika kutoa taarifa kila robo ya mwaka, ipe jina la mtu na namba ya simu.

*Simama hapa:* ukifika mahali pa kutunga sheria mpya, weka kalamu chini uwaite waandishi wa sheria. Mswada ulionakiliwa kutoka nchi nyingine, usiopitia ushirikishwaji wa umma kama Katiba inavyotaka, unaweza kubatilishwa mahakamani baada ya jasho lote.

Dalili ya 2: Mashine ipo, imefunikwa kitambaa

Niliwahi kupitishwa kwenye ushoroba wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Kando ya ukuta kulikuwa na sanduku la mbao, refu kama jeneza la watu wawili. Ndani yake hadubini ya elektroni, msaada wa wafadhili. Nikamuuliza msimamizi wa maabara inangoja nini. "Mzee," akaniambia, "inangoja mlango." Hakuwa anatania. Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba kuliko sanduku, na kuupanua kulihitaji kibali cha idara nyingine.

Kabla hujamlaumu yeyote, pita kwenye mambo haya kwa mfuatano:

1. Stima. Je, volti hupanda na kushuka? Kuna stabilaiza? Kuna betri za akiba, na zilibadilishwa lini mara ya mwisho? Betri iliyokufa ndani ya kabati zuri imeua mashine nyingi kuliko kukatika kwa stima kwenyewe.
2. Chumba. Hadubini ya elektroni haipendi joto, vumbi, mtetemo wala nguvu za sumaku. Isikae karibu na lifti, jenereta, au ukuta unaotazamana na barabara ya malori.
3. Vitu vinavyotumika vikaisha: filamenti (uzi wa chuma unaotoa elektroni), gesi, naitrojeni ya kimiminika, mafuta ya pampu. Nani ana bajeti ya kuvinunua mwezi ujao? Ukijibiwa "tutaandika barua", umeipata hitilafu.
4. Mtu. Mara nyingi alifundishwa mmoja tu, na sasa yuko Canada.
5. Mkataba wa matengenezo. Mfadhili alilipia chuma, hakuna aliyelipia miaka mitano ya fundi.

Mambo hayo matano hutatua visa vingi. Visivyotatuka vina mizizi kwenye sera, na hapa naomba subira kidogo maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Mzizi wa kwanza ni jinsi tunavyonunua. Zabuni hutaja mashine, bei ya chini inashinda, na bei ya chini ndiyo isiyo na huduma. Andika zabuni ya siku za kazi badala ya chuma: mashine iwe inafanya kazi siku kadhaa kwa mwaka, kwa miaka mitano, na malipo yagawanywe kwa kufuata hilo. Mchuuzi atakasirika. Mwache.

Mzizi wa pili ni kuchagua mashine ya nchi nyingine. Kuna hadubini zinazotumia bunduki ya elektroni ya kisasa sana, inayotaka ombwe kali, yaani nafasi isiyo na hewa, na stima isiyokatika wiki baada ya wiki. Picha zake ni za ajabu. Kuna nyingine za filamenti ya tungsteni, picha zake zina ukungu kidogo, ila filamenti ikiungua fundi wako mwenyewe huibadilisha asubuhi na mchana mnaendelea. Kwa maabara nyingi za huku ningechagua ya pili bila kufikiri mara mbili, na kuwatuma wenye kazi nyeti sana kwingine.

Mzizi wa tatu haumo kwenye kitabu chochote cha mkakati nilichosoma. Mkakati husema mashine zitumiwe kwa pamoja na watu wa nje walipe ada. Vizuri. Lakini ada inaingia akaunti kuu ya taasisi, maabara haioni hata shilingi ya kununua gesi iliyotumika. Msimamizi akimfungulia mgeni mlango, amejipunguzia filamenti bure. Unadhani atapokea simu? Kanuni moja tu, kwamba sehemu kubwa ya ada ibaki maabara, hufungua milango mingi kuliko kongamano la siku tatu Naivasha.

Mwisho kuna forodha. Kama mzigo umeshikwa Embakasi, uliza barua ya msamaha wa kodi iliombwa lini. Ikiwa iliombwa baada ya meli kung'oa nanga, ada za kuhifadhi zinakuhesabu kila siku. Barua huombwa kabla mzigo haujapakiwa.

*Simama hapa:* usifungue nguzo ya hadubini ya elektroni. Ndani mna volti zinazofika elfu 30, na ombwe likiharibika hakuna wa kulirudisha kwa bisibisi. Mashine za miale ya X zina sheria yao ya 2019. Kabla ya kuwasha au kuhamisha, zungumza na mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA, na umwite fundi wa mtengenezaji. Wakala wa forodha naye mtafute mapema, si baada ya mzigo kushikwa.

Dalili ya 3: Makala yanachapishwa, bidhaa hazionekani

Swali la kwanza ninalouliza huwa la tarehe. Ni siku gani jambo hili lilisemwa hadharani mara ya kwanza? Watu hutaja makala ya jarida. Wanasahau bango la ukutani kwenye kongamano, slaidi zilizotumwa kwa kila mshiriki, na tasnifu ambayo maktaba iliiweka kwenye intaneti bila kuuliza.

Kutangaza kabla ya kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ndiko kisababishi kikuu. Habari njema ni kwamba Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inakupa miezi 12. Ukiomba KIPI, taasisi yetu ya mali ya viwanda, ndani ya muda huo tangu ulipojitangazia mwenyewe, tangazo lako halikuhukumu. Habari mbaya ni kwamba Ulaya hawana huruma ya namna hiyo. Nilimwona binti mmoja, mtafiti hodari, akigundua hilo akiwa na mnunuzi wa Ujerumani kwenye simu. Mlango wa Nairobi ulikuwa wazi bado, wa kule ulifungwa siku alipobandika bango.

Kama hujatangaza, utaratibu ni huu: omba hapa kwanza. Una miezi 12 ya kudai tarehe hiyohiyo nchi nyingine, na ukipitia mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza unasogea hadi miezi 30 kabla ya kulipa nchi moja moja. Nchi kadhaa za Afrika unaweza kuzifikia kwa ombi moja kupitia ARIPO, shirika la Afrika la mali ya ubunifu lililoko Harare. Na ukishapewa hataza, kumbuka ada ya kila mwaka. Hataza huishi miaka 20 kama inalishwa. Isipolishwa inakufa kimya, na sijui wangapi wanajua yao ilishakufa.

Kisababishi cha pili ni ngazi za vyeo. Mhadhiri hupandishwa kwa makala. Akipeleka mwaka mzima kwenye kiwanda kidogo cha majaribio, mwenzake aliyechapisha mara tano atampita. Hapo usimlaumu mhadhiri, rekebisha fomu ya kupandisha vyeo. Ni ukurasa mmoja au miwili na haihitaji Bunge.

Kisha kuna umiliki. Kwa sheria yetu, uvumbuzi wa mwajiriwa kazini ni wa mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Sawa. Lakini mwanafunzi wa uzamili si mwajiriwa, na nusu ya kazi za nano zinafanywa na wanafunzi usiku wa manane. Ongeza mfadhili wa nje mwenye kifungu chake kwenye ukurasa wa 31. Mwekezaji akija, kitu cha kwanza anachouliza ni nani wa kutia sahihi, na mnatazamana. Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 2008 mahususi kwa utafiti unaolipiwa na umma. Hapa kwetu karatasi moja iliyosainiwa siku mradi unaanza inatosha kuondoa ugomvi mwingi.

Halafu kuna kizuizi cha jikoni. Umetengeneza gramu 2 nzuri kwenye chupa. Sasa unataka kilo 200. Chembe ndogo hupenda kushikana, kama unga wa uji uliomwagwa kwenye maji ya moto bila kukorogwa, na bonge la chembe si nano tena. Kuongeza sufuria hakutoshi, maana mkorogo, joto na kasi ya kumwaga vyote hubadilika. Nenda na sampuli KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, pale South C au kiwanda chenye mitambo ya majaribio ukiwa bado na pesa ya kukosea mara tatu.

Sri Lanka waliliona tatizo hili mapema. Taasisi yao SLINTEC, iliyoanzishwa 2008, serikali iliingia pamoja na kampuni binafsi, zikiwemo za nguo na za mpira. Mwenye kiwanda akikaa mezani tangu siku ya kwanza, huuliza maswali ya kuudhi, na ndiyo tunayoyahitaji.

*Simama hapa:* usiandike madai ya hataza peke yako kwa kunakili ya mwingine. Sentensi moja pana mno au finyu mno huwezi kuirudisha. Mwite wakala wa hataza aliyesajiliwa. Na usitie sahihi makubaliano ya kuhamisha sampuli nje ya nchi kabla mwanasheria hajasoma.

Dalili ya 4: "Nenda ofisi ile"

Ofisi ya kwanza inakutuma ya pili, ya pili ya tatu, ya tatu inakurudisha ya kwanza kwa tabasamu. Unaanza kuamini kuna njama. Mara nyingi hakuna, umejitambulisha vibaya tu.

Nano si aina ya bidhaa. Hakuna dirisha lenye kibao hicho. Ofisi huangalia kitu kinatumika kufanya nini, na hilo linaamuliwa na maneno uliyoandika kwenye lebo. Chukua chombo kilekile cha udongo kilichopakwa chembe za fedha. Ukiandika "huchuja maji", mazungumzo yako ni na KEBS, shirika la viwango. Ukiandika "hutibu homa ya matumbo", umejipeleka Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa ya kunyunyiza ukiandika "huua viwavi", ni PCPB, bodi ya dawa za wadudu. Mbolea ina sheria yake, Sura ya 345. Kiwanda chenyewe, bila kujali kinatengeneza nini, kina mambo yake na NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Kwa hiyo soma lebo yako kwa sauti, ukate kila kitenzi usichoweza kukithibitisha. Nimeona faili iliyozunguka miezi mingi ikipata njia baada ya kufutwa neno moja, "hutibu".

Ikiwa lebo iko sawa na bado unazungushwa, shida huenda ni vipimo. Maabara iliyopima ina ithibati ya KENAS, shirika linalothibitisha maabara? Na je, umepeleka namba mbili zinazopingana? Hili huwakamata hata wazoefu. Hadubini inapiga picha ya chembe kavu na kukuambia nanomita 20. Kipimo cha kutawanya mwanga kinapima chembe hizohizo zikiwa majini, pamoja na koti lao la maji na zilizoshikana, kinakuambia 65. Zote ni kweli. Lakini afisa anayeona 20 kwenye ukurasa wa tatu na 65 kwenye ukurasa wa saba anafikiri unamdanganya. Andika aya moja ya kueleza, kwa Kiswahili au Kiingereza cha kawaida, kabla hajauliza.

Kisababishi kingine ni kwamba kiwango chenyewe hakijaandikwa. Kuna kiwango cha maji ya kunywa, lakini hakisemi lolote kuhusu ukubwa wa chembe. Hapo una kazi mbili. Ya karibu ni kupeleka majibu ya maswali ambayo mkaguzi yeyote mwenye akili atauliza: ni kiasi gani cha fedha kinatoka kwenye chombo kuingia majini, na baada ya miezi sita je? Shirika la Afya Duniani huona hadi miligramu 0.1 kwa lita inavumilika. Ya mbali ni kuomba kiti kwenye kamati ya kiufundi ya viwango. Dunia imekuwa na kamati ya ISO (shirika la kimataifa la viwango) ya nanoteknolojia, ile ya 229, tangu 2005. Wanaokaa ndio wanaoandika, na viti vingi vya Afrika hukaa vitupu.

Na asikuambie mtu kuwa jambo hili ni geni mjini hapa. Septemba 2012 mkutano wa tatu wa kimataifa wa usimamizi wa kemikali ulifanyika Nairobi, na nano ikaingizwa kwenye mpango wa dunia wa utekelezaji.

Wauzaji wa nje wana ukaguzi mmoja wa ziada. Kwa Ulaya, kitu huhesabiwa nano ikiwa nusu au zaidi ya chembe zake, kwa idadi wala si kwa uzito, ziko kati ya nanomita 1 na 100. Vipodozi vyao vimelazimika kuandika neno hilo kwenye orodha ya viambato tangu 2013. Ukiuza mafuta ya kuzuia jua huko, pima kabla hawajakupimia.

*Simama hapa:* kitu chochote cha kumezwa, kudungwa au kupakwa kwenye kidonda hakijaribiwi kwa jirani "kuona tu". Kinahitaji kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na Bodi ya Dawa na Sumu, na daktari anayebeba jukumu hilo kwa jina lake.

Dalili ya 5: Alama ya ubora ipo, wanunuzi hawapo

Maji ni kazi ya kaunti, Katiba imesema hivyo kwenye Jedwali la Nne. Kwa hiyo mnunuzi mkubwa wa chujio lako si serikali kuu pale Harambee Avenue, ni ofisi ya ununuzi ya kaunti. Angalia tenda zao za mwaka uliopita zilivyoandikwa. Mara nyingi zinataja teknolojia ya zamani kwa jina, na wewe umeshatolewa kabla ya kufungua bahasha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 60, inataka mahitaji yaelezwe kwa utendaji. Mpelekee mhandisi wa kaunti sentensi iliyo tayari: maji yatoke na floraidi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kwa lita kadhaa kwa siku, na vichujio vibadilishwe kwa gharama fulani. Usitaje nano hata kidogo.

Kama tenda umeipata ukafilisika, hilo ni jambo lingine, la malipo kuchelewa. LPO ya kaunti, yaani hati ya kuagiza bidhaa, si pesa. Usichukue oda kubwa kuliko ile unayoweza kuivumilia mwaka mzima bila kulipwa.

Kisababishi kinachosahaulika ni kwamba mteja hanunui kemia. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyesomea uzamivu Korea Kusini, alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015, pauni 25,000, kwa chujio linalounganisha mchanga na nano na kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Kinachonivutia kwake ni vituo vya maji: mjasiriamali ana chujio, jirani ananunua maji safi kwa ndoo. Mama wa Kayole hana haja ya kujua kilichomo ndani ya bomba. Anajua bei ya mtungi wa lita 20.

*Simama hapa:* tenda ikikutaka uweke hati ya shamba la baba kuwa dhamana, mhasibu kwanza.

Dalili ya 6: Kila chupa sokoni imeandikwa nano

Tembea River Road uone. Nano ya kung'arisha gari, nano ya kioo cha simu, nano ya kuotesha nywele. Anayetengeneza kitu cha kweli anazama humo humo.

Sababu ya kwanza ni kwamba neno halina mlinzi. Taiwan walianzisha alama yao ya nanoMark mwaka 2004, Thailand wana NanoQ: unapeleka bidhaa, inapimwa, unapewa alama. Serikali inayotaka soko la nano inaweza kuanza na hicho kitu kidogo badala ya kuanza na jengo.

Sababu ya pili ni serikali yenyewe kukimbia mbele ya ushahidi. India iliiingiza urea ya nano ya IFFCO, ushirika wao wa mbolea, kwenye kanuni za mbolea mwaka 2021, na chupa ya mililita 500 ikatangazwa kuwa badala ya gunia la kilo 45. Wanasayansi wa hukohuko wakahoji: gunia la kilo 45 lina naitrojeni kilo 20 na ushee, chupa ina gramu chache, iliyobaki mmea unaitoa wapi? Ubishi ule haukuisha. Mimi si mtaalamu wa mbolea, ila hesabu ile mkulima wa Kinangop anaifanya kwa vidole. Ukiwa ofisini na mwagizaji amekuletea chupa kama hiyo, uliza majaribio ya misimu mingapi, kwenye udongo gani, na nani alilipia.

Dalili ya 7: Mfanyakazi anakohoa, au kuna vumbi jeupe juu ya meza

Hapa usifuate mpangilio wowote. Anza kwa kusimamisha kazi.

Kitu kilekile, kikiwa kidogo zaidi, kinaweza kudhuru mapafu zaidi. Shirika la Marekani la usalama kazini, NIOSH, lilipendekeza mwaka 2011 kikomo cha miligramu 2.4 kwa mita ya ujazo kwa vumbi la kawaida la titani dioksaidi, na 0.3 tu kwa lile la nano. Kwa mirija ya kaboni kikomo ni maikrogramu 1, kwa kuwa mirija mirefu iliyojaribiwa kwa panya ilionyesha tabia zinazofanana na za asbesto. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Kisababishi cha kawaida ni kupima unga mkavu mezani badala ya ndani ya kabati la kuvuta hewa. Cha pili ni kabati lenyewe kuwa na feni inayonguruma tu bila kuvuta: shikilia ukanda wa karatasi laini mlangoni mwake, usipovutwa ndani, kabati ni sanduku. Kinga ya bei nafuu ni kununua au kutengeneza chembe zikiwa ndani ya kimiminika na zisikauke hata siku moja.

Zima feni za darini, toka, funga mlango. Usifagie kavu na usitumie kifyonza vumbi cha nyumbani, kitarusha chembe upande wa pili. Usafi ufanywe baadaye kwa kitambaa chenye maji na mtu aliyevaa kinga inayostahili. Ripoti kwa ofisi ya usalama na afya kazini chini ya sheria ya 2007. Aliyepumua vumbi apelekwe hospitali akiwa na karatasi ya maelezo ya kemikali mkononi, ile inayokuja na kopo na ambayo kwa kawaida hutupwa siku ya kwanza, kwa sababu daktari wa zamu hawezi kukisia kilichokuwa ndani.